Ukuni wa Jumatatu

Maharage uliyokula jana yaliteketeza kuni ngapi?

Usiseme hujui kwa sababu hukuyapika wewe. Tharsisi naye hakujua kwa miaka kumi na mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa akiyapika.

Tharsisi ni mpishi wa shule moja ya sekondari ya kutwa, nje kidogo ya mji wa Kasulu ukishika barabara ya kwenda Kibondo. Ni mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono iliyojaa alama za kuungua ambazo huzionyesha kwa fahari, kama askari anayeonyesha vyeo vyake. Kila siku ya masomo anawalisha wanafunzi mia nne na thelathini: ugali na maharage, na Ijumaa makande, ambayo nayo ni maharage yaliyopata mwenza. Mwiko wake una urefu wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na akikoroga anatumia mwili mzima kuanzia visigino.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwasha moto saa kumi na mbili asubuhi, na maharage yalikuwa yakiiva kwenye saa nne na nusu, kuni zikiwa kavu. Zikiwa mbichi, wanafunzi walikula saa nane huku macho yakiwatoka machozi ya moshi hadi darasani. Magogo kumi na manne kwa kila sufuria la maharage, na masufuria yalikuwa matano. Hakuyahesabu kamwe. Nani huhesabu kuni? Kuni zilikuwepo tu, kama maji ya mvua.

Zilikuwepo kwa sababu kila mwanafunzi alileta ukuni mmoja kila Jumatatu. Ndiyo ilikuwa sheria ya shule, na Tharsisi ndiye aliyeisimamia. Alisimama getini tangu saa kumi na mbili na nusu, kwa maana mpishi ndiye anayeujua ukuni mkavu kwa kuugonga tu, na ndiye anayejua ukuni upi umechomolewa kwenye uzio wa jirani. Unene usipungue kifundo cha mkono wa mtu mzima.

"Huu ni ukuni au mswaki?" alizoea kuuliza, na wote walicheka isipokuwa mwenye mswaki wake.

Aliyekuja mikono mitupu alirudishwa nyumbani akautafute.

Haya, piga hesabu mwenyewe. Kuni mia nne na thelathini kwa wiki, na mwaka wa shule una wiki kama arobaini. Ni kuni elfu kumi na saba na ushei, kwa shule moja, kwa ugali na mboga ya aina moja! Nyuma ya shule kuna kilima ambacho watu wazima wa hapo wanakumbuka walivyokuwa wakipotelea humo wakitafuta uyoga. Leo mbuzi akisimama upande wa pili unamwona mpaka mkia. Kisha tunakaa kusikiliza redio, tunaambiwa mvua zimebadilika, tunatikisa kichwa na kuuliza ni nani aliyefanya hivyo.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa pili, Tharsisi alimrudisha msichana wa kidato cha pili aitwaye Herieth. Hakuwa mtoro wala mkaidi, ni mmoja wa wale ambao huwaoni wakifika wala wakiondoka. Alisema kilima chao kimeishiwa kuni, na mama yake anaumwa.

"Kila mtu ana kilima," Tharsisi alimjibu. "Nenda ukatafute."

Hakumkaripia, maana hakuwa mtu wa makelele. Alisema vile anavyosema kila Jumatatu, kisha akamsahau.

Herieth hakuonekana Jumatatu ile, wala Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi asubuhi alikuja kwa mguu mmoja na nusu, kifundo kimevimba kama kiazi, kimefungwa kipande cha kanga. Kichwani alikuwa na gogo. Alikuwa amelifuata mbali, karibu na njia ya Makere, akateleza nalo kwenye utelezi wa mvua. Aliingia hadi jikoni, akalitua polepole kando ya mafiga.

"Baba mpishi, huu ni ule wa Jumatatu," alisema.

Basi. Hakulaumu wala hakulia. Akaenda darasani akichechemea, na Tharsisi akabaki ameushika mwiko bila kukoroga mpaka maharage yakaanza kushika chini. Siku ile wanafunzi walikula maharage yenye harufu ya kuungua, na yeye hakuonja kabisa. Alikuwa akilitazama lile gogo. Siku tatu za masomo, mguu wa mtoto, na lingewaka kwa dakika ishirini.

Alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba hatasimama tena getini. Mkewe akamuuliza atapika kwa nini, kwa maombi?

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Kukataa geti ni rahisi, lakini sufuria halichemki kwa huruma.

Jumamosi alikwenda sokoni kununua vitunguu vya shule. Hapo kuna mwanamke wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, Mama Eugénie, anayeuza vitunguu, dagaa na maneno, na maneno hatozi. Tharsisi ni mteja wake wa muda mrefu. Alimweleza habari za Herieth na za gogo, akitegemea kupewa pole.

Mama Eugénie aliweka mikono kiunoni. "Eh, Papa Tharsisi! Magogo kumi na mine kwa maharagi? Unapika maharagi ao unachoma matofali?"

"Maharage ni magumu, mama. Yanataka moto."

"Yanataka mayi! Mu kambi kuni ni ya shida, mwanamke akitoka kutafuta kuni hajui kama atarudi muzima. Basi tulijifunza. Magaribi unatia maharagi mu mayi, unayaacha. Asubui unamwaga yale mayi, unatia mengine, unapika. Inaiva mbio, unashangaa."

"Kuloweka?"

"Kuloweka, ndiyo. Mupishi wa shule muzima, mwenye ndevu, hajui kuloweka!" Akawageukia wauza ndizi jirani zake. "Muangalie huyu! Amemaliza mulima muzima juu ya kukosa ndoo ya mayi!"

Wauza ndizi walicheka, na Tharsisi akacheka nao kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Lakini njiani alikuwa akilirudia lile neno. Kuloweka alikuwa akikujua, bila shaka. Mama yake mzazi hakuloweka, wala mama wa mama yake. Waha wa kijijini kwao waliamini kwamba maharage yakilala majini yanakwisha nguvu, na maji yake mekundu yakimwagwa ndiyo damu imemwagwa. Hakuna aliyewahi kulijaribu jambo hilo. Msitu ulikuwepo, wa nini kujaribu?

Jumatatu jioni, baada ya masomo, alipima madebe yake ya maharage, akayamimina kwenye pipa safi, akajaza maji na kufunika. Jumanne asubuhi yalikuwa yamefura, manono, yanateleza mkononi. Akamwaga maji, akatia mengine, akawasha moto kwa magogo sita tu kila sufuria. Masufuria yakaanza kuchemka. Alikuwa na furaha iliyomfanya apige mluzi.

Na hapo ndipo mkono wake ulipomponza.

Kwa miaka kumi na mmoja, sufuria likianza kuchemka mkono wa kulia wa Tharsisi ulikwenda wenyewe kwenye kopo la magadi, ukachota konzi moja na kuirusha ndani ili maharage yalainike. Mkono haukumuuliza. Asubuhi ile ulikwenda vilevile. Maharage magumu huhitaji magadi, lakini yaliyolala majini yakitiwa magadi huyeyuka. Aliporudi kutoka kuchambua vitunguu, alichovya mwiko, ukatoka umepakwa kitu kizito cha rangi ya udongo. Hakuna punje iliyobaki punje. Tena kilikuwa na ladha ya sabuni.

Wanafunzi hawana huruma, na hawajawahi kuwa nayo.

"Mpishi, leo tunatafuna au tunakunywa?"

"Leteni vikombe, jamani!"

"Shikamoo, Baba Uji!"

Jina likashika kabla ya kengele ya vipindi vya mchana. Saa tisa akaitwa ofisini kwa Mkuu wa Shule.

Mkuu wa Shule, Mwalimu Asmahani, ni mwenyeji wa Pangani aliyehamishiwa Kasulu miaka mitatu iliyopita. Husema taratibu, na kadiri anavyokasirika ndivyo anavyozidi kuwa taratibu. Siku hiyo alisema taratibu sana.

"Bwana Tharsisi, umewapa watoto nini leo?"

Tharsisi akamweleza yote: Herieth, gogo, Mama Eugénie, mkono na magadi. Mwalimu Asmahani alisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Nia yako naielewa," alisema. "Lakini sikiliza. Kuni zinazoletwa hazitoshi tena. Kamati ya wazazi imependekeza kuanzia wiki ijayo kila mwanafunzi alete kuni mbili badala ya ukuni mmoja. Kikao ni Jumapili baada ya ibada, siku ambayo wazazi hawaendi shamba. Na mimi sina hoja ya kuwapinga."

"Mbili?" Tharsisi aliuliza. "Mkuu, nipe Jumapili hiyo. Wazazi watakula. Nitapika maharage niliyoyaloweka, wale, kisha waamue."

"Na ukiwapa uji?"

"Sitawapa uji."

"Ukiwapa uji, Bwana Tharsisi, kuni zitakuwa mbili, na mimi nitalazimika kutafuta mpishi mwingine. Wazazi hawatanielewa nikikubakiza."

Alitoka pale akijua vizuri kinachomngoja. Akishindwa, yule msichana na wenzake wote watabeba magogo mawili mawili, na yeye atakuwa nyumbani akihesabu kuku.

Jumamosi jioni aliloweka. Jumapili saa tano, wakati nyimbo za kanisani zinasikika kutoka ng'ambo ya barabara, akamwaga maji ya kulowekea kwenye migomba ya shule na kuinjika sufuria. Alikuwa ametenga magogo sita, si zaidi, akayaweka mahali ambapo kila mtu angeyaona. Wakati huohuo mwenyekiti wa kamati ya wazazi akatokea.

Huyu ni Generosa, mkulima wa maharage ya njano, mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde jingine. Wazo la kuni mbili lilikuwa lake. Alikuwa ametoka ibada ya kwanza, bado amevaa kitenge cha kanisani, akasimama akiitazama migomba iliyoloa.

"Mwakeye, Tharsisi," alimsalimia kwa Kiha. "Umemwaga damu ya maharage yetu kwenye migomba?"

"Mwakeye, Mwenyekiti. Migomba nayo ina damu sasa, itazaa ndizi nyekundu."

"Cheka tu. Mimi nimekuja kukulinda, sitaki kula uji mbele ya watu."

"Umekuja wakati mzuri," Tharsisi alisema, akachukua kopo la magadi na kumtia mikononi. "Shika hili. Usinipe. Hata nikilia, usinipe."

Generosa alidhani ni mzaha. Lakini sufuria lilipoanza kuchemka, naye Tharsisi akiwa anazungumza habari za mbolea, mkono wake wa kulia ulinyooka wenyewe kuelekea kwake, vidole vimekunjwa tayari kuchota.

"Lete," alisema.

"Sikupi!" Generosa alipiga kelele, akalificha kopo nyuma ya kitenge.

Tharsisi akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha wote wawili wakaangua kicheko, Generosa akacheka mpaka akakaa kwenye gunia. Mkono ule ulijaribu mara mbili zaidi. Mara ya tatu Generosa aliuchapa kwa mwiko mdogo.

Ilipotimia saa moja na nusu tangu sufuria kuinjikwa, Tharsisi alichota punje tano, akazipuliza, akampa. Generosa alitafuna kwa muda mrefu kuliko punje tano zinavyostahili. Akatazama magogo. Manne yalikuwa yamewaka, mawili yalikuwa bado yameegemea ukuta, hayajaguswa na moto.

"Yameiva," alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Yameiva, Mwenyekiti."

"Mimi nyumbani napika kuanzia asubuhi mpaka jua linapinduka. Miaka yote hii, Tharsisi."

"Hata mimi."

Saa nane wazazi walikuwa wamejaa kwenye madawati chini ya bati. Walipakuliwa ugali na maharage yaliyoungwa kwa vitunguu, punje nzima, zinang'aa, rojo zito. Tharsisi alisimama nyuma ya sufuria, aproni imelowa jasho.

Wa kwanza kusema alikuwa Pasikali, babu mwenye wajukuu wanne shuleni, mtu ambaye hajawahi kukubali jambo lolote kwenye kikao.

"Haya maharage yana kasoro," alisema.

Mwalimu Asmahani akaacha kuandika. Tharsisi akashika ukingo wa sufuria.

"Hayana moshi. Mimi nimezoea mboga ya shule yenye moshi." Pasikali akainua sahani yake. "Mniongeze, nihakikishe kama kweli hayana."

Bati likatetemeka kwa kicheko. Hapo Generosa akasimama, na alipoanza kuzungumza hata waliokuwa barabarani waligeuka. Aliwaeleza kuhusu magogo sita ambayo mawili hayakuguswa. Aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyetaka kuni mbili, na sasa anaona aibu. Alieleza habari ya mkono na kopo la magadi, mpaka Tharsisi akatamani kujificha ndani ya sufuria. Kisha Mwalimu Asmahani akamwita Tharsisi aseme neno.

Tharsisi si msemaji. Alifuta mikono kwenye aproni mara tatu.

"Ndugu wazazi, mimi ndiye niliyekuwa nasimama getini," alisema. "Nimewarudisha watoto wenu wengi nyumbani. Mmoja aliumia mguu, mama yake yuko hapa. Shemeji, nisamehe. Nilikuwa natafuta kuni, kumbe nilikuwa sijui kupika."

Mama yake Herieth, mwanamke mwembamba aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinamisha kichwa, kisha akainua mkono kama anayemwambia asiendelee, yameisha.

Wakapiga kura kwa mikono. Maharage yatalowekwa. Kuni chache zinazohitajika zitatoka kwenye matawi ya mikaratusi ya shule yenyewe, iliyopandwa mpakani na kusahauliwa. Mwanafunzi hataleta kuni mbili. Hataleta hata mmoja, kuanzia kesho. Wanawake kadhaa walibaki nyuma kumuuliza Tharsisi maji yafike wapi na maharage yalale kwa muda gani, naye akawajibu kwa madaha ya profesa, huku Generosa akimkosoa kwenye kila jibu kana kwamba ndiye aliyevumbua.

Nani aliyesema kwamba anayeitunza dunia lazima avae tai na kupanda ndege? Ndoo ya maji, kifuniko, na mtu mmoja aliyekubali kuchekwa sokoni. Anzeni hapo! Mengine tutadaiana baadaye, na tutayadai kweli.

Kesho yake, Jumatatu, Tharsisi aliamka mapema kuliko ilivyohitajika. Maharage yalikuwa yameshalala majini, hakukuwa na haraka ya moto. Hata hivyo miguu yake, kama ule mkono, ilikwenda yenyewe hadi getini, akasimama pale bila kazi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni.

Alisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti ya miguu mingi ikija kwenye mteremko, na vicheko, na madaftari yakigongana ndani ya mifuko. Jumatatu zote alizozijua, wanafunzi walishuka pale polepole, shingo zimenyooka, mkono mmoja juu ukishikilia mzigo, kimya kama watu wanaotoka msibani. Sasa walitokea kwenye ukungu wakikimbia. Walikuwa wakishindana, wavulana kwa wasichana, sare zinapepea, mikono haijui iende wapi kwa kuwa imezoea kushika kitu kichwani. Mmoja alijaribu kuruka dimbwi akaangukia katikati yake, wenzake wakampita wakimzomea. Katikati ya kundi, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, alikuwamo Herieth, bado anachechemea kidogo, lakini anakimbia.

"Pisha, Baba Uji!" walimpigia kelele. "Pisha!"

Tharsisi akaruka kando, na wote wakapita getini kama maji.